Chumba cha siku mbili Lamu: kuhifadhi mtandaoni au kumpigia simu mwenyewe?

Mkazi wa Mombasa, Malindi au Nairobi anayetaka kupumzika Lamu kuanzia Ijumaa hadi Jumapili ana njia mbili kuu za kupata chumba. Anaweza kuingia katika tovuti za kuhifadhi vyumba kama Booking.com au Airbnb, akatazama picha, akalinganisha bei na kulipa kwa kadi. Au anaweza kutafuta nambari ya simu ya gesti, akazungumza na mwenyewe au msimamizi wake, kisha akatuma arbuni kwa M-Pesa. Mabishano kuhusu njia hizi mara nyingi huishia kwenye bei. Nionavyo, bei ni sehemu ndogo ya jambo hili, kwa kuwa safari ya siku mbili haitoi nafasi ya kurekebisha kosa: mwenye wiki nzima huweza kuhama gesti siku ya pili, lakini aliyefika Ijumaa alasiri na anayeondoka Jumapili asubuhi hana muda wa kuhangaika na mizigo vichochoroni.

Hata hivyo bei haiachwi. Tovuti kubwa humkata mwenye gesti kamisheni ambayo mara nyingi ni asilimia 15 au zaidi, naye ama huipandisha juu ya bei ama huibeba mwenyewe. Aidha, hoteli nyingi za pwani huwa na bei ya mkazi kwa shilingi na bei ya mgeni wa nje kwa dola, na tovuti mara kwa mara humwonyesha kila mtu ile ya dola, hivyo Mkenya asiyepiga simu hulipa asichodaiwa. Anayepiga simu naye aulize kama bei aliyotajiwa imejumlisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, na kama kiamshakinywa kimo.

Lakini si haki kumwona dalali wa mtandaoni peke yake. Anayeshuka gatini bila kuhifadhi chumba hupokelewa na vijana wanaozijua gesti zote, humfikisha hadi mlangoni, na mwenye gesti huwapa chochote kwa kazi hiyo. Nacho huingia katika bei. Tofauti ni kwamba pesa ya kijana hutumika sokoni papo hapo, na ile ya tovuti huenda ng'ambo. Kwa mji unaoutegemea utalii kiasi hiki, tofauti hiyo kwangu ni nzito. Upande wa pili nao una haki yake: gesti ya vyumba vitano iliyo ndani ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, isiyo na bango wala wakala Nairobi, isingejulikana na mtu wa Kisumu bila tovuti, na kamisheni hulipwa pale tu mgeni anapokuja.

Penye uzito zaidi ni habari anazopewa mgeni kabla ya kuchagua. Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine, huku mwanga ukiingia kutoka ua wa ndani kuliko kutoka madirisha ya nje. Ngazi zake ni za mwinuko mkali, na gesti nyingi zimeweka baraza la makuti juu kabisa ili kupata upepo. Mgeni aliyezoea hoteli za kisasa huandika kwamba chumba ni chembamba na kina giza, na kwamba aliamshwa na adhana ya alfajiri na milio ya punda. Anasema kweli, lakini alama anazozipunguza kwa sababu hizo hazimwambii lolote msafiri Mwislamu anayefurahi kuwa karibu na msikiti, wala yule anayejua kwamba ukuta mnene na giza lile ndivyo vinavyopoza chumba saa nane mchana. Na mama anayeumwa na magoti, ambaye ngazi kwake ndilo suala lote, huziona alama nzuri na asijue kwamba kitanda chake kiko ghorofa ya tatu. Alama moja hujumlisha haja za watu wasiofanana.

Simu hujibu maswali hayo kwa dakika chache: chumba kiko ghorofa ya ngapi, kinaelekea baharini au uani, maji ya bafuni ni matamu au ya chumvi, umeme ukikatika feni inaendelea kuzunguka au la. Udhaifu wake ni kwamba anayejibu ndiye anayeuza, naye huweza kusema "hapa pwani tu" kwa nyumba ambayo mgeni ataitafuta robo saa vichochoroni. Hapo maoni na picha za wageni waliotangulia hufanya kazi ya ushahidi ambayo simu haiwezi kuifanya.

Mahali nako kuna mtego wake. Shela, kijiji cha ufukweni, iko kiasi cha kilomita tatu kutoka mjini, na kwenye ramani ya tovuti huonekana kama mtaa wa pili. Maji yakipwa ni matembezi mazuri ya ufukweni. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, sehemu ya njia hufunikwa na mgeni hulazimika kupanda boti. Aliyekuja kuona ngome, milango ya nakshi na maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale, alale mjini. Anayetaka mchanga na kuogelea aende Shela, na aiweke nauli ya boti katika hesabu yake.

Kuna pia suala la kalenda. Maulidi huja Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, huhama kila mwaka katika kalenda ya tovuti. Wakati huo wageni wa Msikiti wa Riyadha huujaza mji, na vyumba vingi huwa vimeahidiwa kwa mdomo mapema. Mwezi wa Mei, kwa mvua na upepo wa kusi, baadhi ya hoteli hufungwa. Mwenyeji hukueleza haya kabla hujamuuliza.

Kwa Malindi, ambako teksi na tuktuk hukufikisha hadi mlangoni, ningetumia tovuti bila wasiwasi mkubwa. Kwa Lamu nauegemea upande wa simu, isipokuwa kwa msafiri ambaye ruhusa yake ya kazini haijathibitika. Huyo anahitaji haki ya kughairi bila kutozwa, na tovuti nyingi huitoa kwa maandishi, ilhali arbuni iliyokwisha kutolewa kwenye M-Pesa hairudi kwa urahisi. Anayepiga simu atume sehemu tu ya malipo, na iwe kwa nambari ya till yenye jina la gesti badala ya nambari ya mtu binafsi. Kabla ya kutuma aombe ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe, ghorofa na bei, pamoja na jina la nahodha atakayempokea Mokowe, gati la upande wa bara, au Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege.