Mwanahisabati Katika Kazi ya Uhandisi: Anapokubalika na Anapokwama

Mhitimu wa hisabati anayetaka kufanya kazi ya uhandisi hupewa majibu yanayogongana. Wapo wanaomwambia kwamba uhandisi wote ni hesabu, hivyo asiwe na wasiwasi. Wapo pia wanaomwambia kwamba asiyeanza na uhandisi tangu mwaka wa kwanza wa chuo ameshachelewa. Naona pande zote mbili zinauzungumzia uhandisi kana kwamba ni kazi moja, ilhali jibu linategemea zaidi ni nani anayewajibika kisheria pale kazi inapoharibika.

Wanaosema inawezekana wana ushahidi mzito. Margaret Hamilton alihitimu shahada ya hisabati mwaka 1958, kisha akaja kuongoza timu ya chuo cha MIT cha Marekani iliyoandika programu za kompyuta za vyombo vya Apollo vilivyowafikisha watu mwezini mwaka 1969, naye ni miongoni mwa waliopigania uandishi wa programu uhesabiwe kuwa uhandisi kamili. Mwaka 1960, Irving Reed na Gustave Solomon, wote wawili wakiwa na shahada za uzamivu za hisabati, walichapisha mbinu ya kialjebra ya kusahihisha makosa katika data, na ni mbinu ya aina hiyo inayoiwezesha CD yenye mikwaruzo kuendelea kusomeka. Katika nyanja kama hizi, pamoja na mifumo ya udhibiti na uigaji wa mitambo kwa kompyuta, hesabu ndiyo sehemu kubwa ya bidhaa yenyewe, na anayemsaili mwombaji hujali kama anazimudu matriki, takwimu na uandishi wa programu kuliko jina la idara aliyosomea.

Hali hubadilika mara kazi inapogusa chuma na zege. Chukua boriti ya chuma iliyoshikizwa ukutani upande mmoja, huku ncha ya pili ikibeba mzigo. Mwanahisabati atakokotoa bila taabu kwamba kunepa kwake hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu, yaani boriti ikirefushwa mara mbili, ncha itanepa mara nane kwa mzigo uleule. Lakini hesabu hiyo imechukulia kwamba ukuta haulegei hata kidogo, na hapo ndipo kazi ya mhandisi inapoanza: ni boliti ngapi zinazoishikilia, zege iliyozizunguka imekomaa kiasi gani, mzigo ukitikisika mara milioni chuma kitaanza kupata nyufa lini, na viwango rasmi vinadai ziada gani ya usalama. Maswali haya mengi si magumu kihisabati, ila majibu yake hayapatikani kwa kuutazama mlinganyo. Hutafutwa maabara, karakanani na kwenye majedwali ya viwango. Kwa bahati mbaya, mtu anaweza kumaliza shahada nzima ya hisabati bila kupima kitu chochote kwa mkono wake.

Mary Jackson, Mmarekani mweusi, anafaa kutazamwa kwa makini, kwa kuwa pande zote mbili zingeweza kumdai. Alihitimu hisabati na sayansi ya fizikia mwaka 1942, akaajiriwa mwaka 1951 katika maabara ya utafiti wa ndege ya Langley nchini Marekani kufanya ukokotoaji, kisha akahamia kwenye majaribio ya handaki la upepo, yaani njia inayopulizwa hewa kwa kasi ili kupima maumbo ya ndege. Ili apandishwe cheo na kuwa mhandisi alilazimika kusoma masomo ya ziada jioni, tena kwa kuomba kibali maalumu cha jiji, kwa sababu darasa lilikuwa katika shule ya wazungu pekee. Alipata cheo hicho mwaka 1958. Hisabati ilimwingiza kazini; kilichomfanya mhandisi ni masomo hayo na miaka aliyokaa karibu na vifaa vya majaribio.

Kikwazo kigumu zaidi ni usajili. Katika nchi nyingi, anayeidhinisha michoro ya daraja au jengo la ghorofa lazima awe amesajiliwa, na bodi ya usajili wa wahandisi huanza kwa kuangalia shahada ya uhandisi yenye ithibati, yaani iliyothibitishwa rasmi kuwa inakidhi viwango. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo kwayo nchi wanachama hutambuliana shahada, yanahusu shahada za uhandisi, si za hisabati. Nchini Uingereza, Engineering Council, chombo kinachosimamia usajili wa wahandisi, inaruhusu asiye na shahada inayotakiwa kupimwa yeye binafsi kwa maarifa na uzoefu wake, lakini kwingineko shahada ya kwanza isiyo ya uhandisi inaweza kumfungia mtu njia moja kwa moja. Asiyesajiliwa anaweza kufanya hesabu zilezile chini ya mwenye saini, na wengi huishi vizuri hivyo, ingawa kwenye kampuni za ujenzi atafika mahali cheo kinagoma kupanda.

Kwa hiyo anayelenga programu, mawasiliano au udhibiti sioni kwa nini aiache hisabati, mradi achague milinganyo tofautishi, mbinu za ukokotoaji wa kompyuta na takwimu. Anayelenga madaraja, kama bado yuko mwaka wa kwanza, ni afadhali ahame idara mapema. Aliyekwisha kuhitimu, kabla hajalipa ada ya shahada ya uzamili ya uhandisi, aiandikie bodi ya nchi anakokusudia kufanya kazi na kuuliza kama shahada hiyo itakubaliwa kuziba pengo la ile ya kwanza, kwa kuwa si kila bodi huikubali.