Nimefuata Kontena

Mimi mwenzenu ni mtu wa Mombasa. Nimezaliwa Makadara, nimekulia Makadara, nimeoa Makadara. Na sasa nakaa Makadara. Ila Makadara hii ya sasa ni ya Nairobi. Yaani nimebeba godoro, jiko, mke na watoto wawili, nikapanda reli ya kilomita 472, ili nitoke Makadara niende Makadara. Akina yahe kule baraza ya kahawa hawajamaliza kunicheka hadi leo. Lakini kosa si langu. Kosa ni la dipo.

Nairobi watu huiita jiji. Wenyewe wakitamka "jiji" hata kifua hutoka. Mimi naiita dipo, yaani kituo cha kutunzia injini na mizigo ya reli, kwa sababu ndicho ilichokuwa, na ukinitazama asubuhi nikitoka nyumbani utakubali kwamba haijaacha. Reli ilianza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896. Ikaja ikipanda, simba wakala watu Tsavo, mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 wakaletwa kutoka Bara Hindi, na Mei 1899 vyuma vikafika hapa, maili 327 hivi kutoka pwani. Mainjinia wakatazama mbele: mwinuko wa Ukikuyu, halafu bonde la Ufa linaporomoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Wakasema, hatuendi huko na injini zimechoka namna hii. Wakatazama chini ya miguu yao: uwanja tambarare, mto upo, basi. Hapa injini zitapumzika, zitakunywa maji, zitapakwa mafuta, na mabehewa yatapangwa upya.

Mmesikia? Uwanja tambarare ni wa kupanga mabehewa. Maji ni ya injini. Hakuna aliyesema, "Na huyu baba wa watoto wawili atakayekuja baadaye, naye atakaa wapi?"

Na hata injini hazikuwa za kwanza. Mwaka 1896, kabla reli haijasogea, sajini mmoja wa Kizungu aitwaye Ellis alishaweka hapa kambi ya ng'ombe na nyumbu wa kubeba mizigo. Wamasai waliokuwa wakinywesha mifugo yao hapa hawakuulizwa kitu. Kwa hiyo foleni ya mji huu imepangwa zamani: nyumbu mbele, injini nyuma yao, kisha makarani. Mpangaji wa Makadara ni namba ngapi kwenye hiyo foleni sijui, ila najua bomba halijamfikia.

Maana jina lenyewe la Nairobi ni la Kimasai, maana yake maji baridi. Maji baridi! Bomba la ploti yetu hukohoa Jumanne usiku, likatema kikombe kimoja cha rangi ya chai ya maziwa, likalala tena mpaka Jumanne ijayo. Mama mwenye ploti ukimuuliza, anakwambia, "Baba Zuhura, vumilia, yanakuja." Yanakuja kutoka wapi? Hata meli ya Uchina ingekuwa imeshafika. Nanunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Siku akiwa na furaha ni shilingi 30. Siku akiwa amegombana na mchumba wake ni 50. Mimi nimejifunza kumwombea yule kijana ndoa yenye amani.

Mvua ikinyesha ndiyo utajua uliletwa diponi. Udongo wa hapa ni ule mweusi unaonata, mahali penyewe palikuwa kinamasi. Mguu unaingia mdogo unatoka mkubwa. Hatua kumi tu nimeongezeka urefu, majirani wananiamkia kwa heshima wakidhani ni mgeni. Na hili lilijulikana mapema, wallahi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika bazaa, bazaa ikatiwa moto. Kuna madaktari waliopendekeza mji wote uhamishwe upelekwe mahali palipoinuka, maji yapate kutiririka. Wakubwa wakafikiri, wakafikiri, wakaona karakana imeshajengwa, reli zimeshalazwa, injini zimeshapazoea. Watu basi wazoee vilevile.

Hilo la tope ningelisamehe. Nisilolisamehe ni la makao makuu. Ninyi mnajua kwamba makao makuu ya reli yalikuwa Mombasa? Mji wenye Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593, mji wa mashairi na mahamri, mji ambao mtu akikuuliza njia anakusalimia kwanza. Reli haijamaliza hata kujengwa, mwaka uleule wa 1899, wakafungasha ofisi wakazileta huku kwenye nyumbu. Miaka michache baadaye, 1905, na serikali nayo ikafuata. Mombasa ikabaki imesimama pale na bahari yake, kama bibi harusi aliyeachwa na mikufu shingoni.

Nilidhani mtu huibiwa mara moja. La. Wakaja kunitafuta na mimi.

Mimi nilikuwa karani wa kutoa mizigo. Kazi yangu ni kukimbia na makaratasi ya forodha kutoka ofisi hii hadi ile, kupiga foleni, kugongewa muhuri, kunywa soda ya mteja. Maisha mazuri. Mwaka 2017 reli mpya ikafunguliwa, tukaipigia makofi, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka mke wangu akaona haya. Sikujua napigia vigelegele jeneza langu. Kule Embakasi, Nairobi, kulikuwa na dipo la makontena tangu 1984. Wakalitanua liweze kupokea makontena 450,000 kwa mwaka, na 2018 treni za mizigo zikaanza kuyachukua melini na kuyapandisha bara moja kwa moja. Kontena halishuki Mombasa hata kuvuta hewa. Bosi wangu akaniita ofisini, akanifungia mlango kwa upole, nikajua. Akasema, "Makaratasi sasa yako Nairobi." Nikamuuliza, "Na mshahara?" Akasema, "Mshahara hufuata makaratasi."

Basi nikafuata.

Na mahali penyewe panaitwaje? Bandari kavu! Mtu mzima, mwenye akili timamu, alikaa kitako akaita kitu bandari kavu. Bandari isiyo na bahari ni bandari gani? Ni kama kumwambia mtu njoo ule pilau kavu isiyo na mchele. Siku yangu ya kwanza nilitoka nje saa sita mchana, mazoea, kutafuta upepo wa baharini. Nikapigwa na vumbi la lori usoni. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta maji yanayotoka na kujaa. Akanionyesha choo.

Mwaka 2022 serikali mpya ikasema mwenye mzigo achague mwenyewe, akitaka autolee Mombasa. Simu zikamiminika: "Rudi nyumbani, mambo yamerudi!" Nirudi wapi? Nyumba yangu kule imeshapangishwa fundi cherahani, watoto wameshaanza kuzungumza Sheng, na mimi nimeshanunua sweta mbili. Mtu mwenye sweta mbili harudi Mombasa kwa uso mkavu.

Ninaye jirani, mzee wa reli, mstaafu. Huyu ndiye aliyenifunza haya yote, maana hana mengine ya kuzungumza. Alianza kazi kijana, miaka ya mwisho mwisho ya injini za mvuke, akalala kwenye landi za wafanyakazi. Landi ni vile vyumba vya shirika, mlango mmoja familia moja, ndiyo maana mtaa ule hata leo unaitwa Landi Mawe. Mimi siku moja, kwa kumfurahisha tu, nikamwambia, "Kumbe mzee ulikuwa unachochea makaa!"

Akaweka kikombe chini. "Makaa? Nani amekwambia makaa? Fifti-naini ilikunywa mafuta."

Nikajua nimejitia kitanzi. Nilikaa pale saa mbili na nusu. Nikaambiwa kwamba hizo fifti-naini zilikuwa injini 34, zimeundwa Manchester, zikaja hapa 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima. Kwamba moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Kwamba duniani kote hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hiyo kwenye reli nyembamba ya mita moja. Halafu akanitazama kwa macho ya kulengalenga: "Zilikuwa zinaletwa hapa dipo, zinaoshwa, zinapakwa grisi, vijana wanapita na chupi ya nyundo wakizigonga gurudumu baada ya gurudumu, kusikiliza kama kuna ufa." Nikamuuliza, "Chupi ya nini, mzee?" Akasema, "Nimesema nyundo. Wewe kijana wa Pwani husikii vizuri, ndiyo maana ulihamishwa."

Mimi nina miaka minane hapa, sijapata mtu wa kunigonga gurudumu hata moja.

Treni yenyewe ya asubuhi ni kisa kingine. Nimezoea matatu: unaiona inaondoka, unakimbia, makanga anakupigia mluzi, inaondoka mita tatu, inasimama, inarudi nyuma, inakungoja mpaka ijae na baada ya kujaa inakungoja tena. Kwa hiyo siku ya kwanza ya treni nilifika stesheni ya Makadara kwa mwendo wa mtu aliyelipa. Treni ikaja, ikafungua, ikafunga, ikaenda. Kwa saa yake! Nikabaki nimeinua mkono. Nikamwambia mwenzangu mmoja aliyebaki pale, "Mbona imetuacha, na haijajaa?" Akasema, "Brathe, hii haijai, hii inaondoka." Siku hiyo niliingia kazini saa nne, nikaeleza kwamba nimechelewa kwa sababu treni haikuchelewa. Hakuna aliyeniamini.

Sasa mwezi uliopita ikaja safari ya mama mkwe.

Mama mkwe wangu hajawahi kuvuka Mazeras, hapo nje tu ya Mombasa. Mke wangu akamkatia tikiti, akamwambia, "Mama, ukisikia watu wote wanashuka, nawe shuka." Kwenda kumpokea nikachukua treni hadi Syokimau, maana hiyo reli mpya, kwa mapenzi ya waliopanga, haifiki mjini. Ni pana, milimita 1,435. Ya zamani inayoingia mjini ni milimita 1,000. Haziingiliani, kama mimi na mkwe wangu. Basi msafiri anashushwa Syokimau, kwenye jumba kubwa linalong'aa katikati ya mbuga, halafu anapanda treni nyingine nyembamba.

Nikamkuta amekaa juu ya kapu lake la samaki wakavu, buibui limejaa upepo.

"Shikamoo, mama. Karibu Nairobi."

Akatazama huku. Akatazama kule. Nyasi. "Hapa ndipo?"

"Si hasa, mama. Tutapanda treni nyingine."

"Mwanangu kaniambia mwakaa Nairobi. Hakuniambia mwakaa njiani."

Sikujibu. Mkwe hajibiwi.

Jumapili nikasema nimpendeze, nikampeleka makumbusho ya reli, pale nyuma ya stesheni kuu. Yamekuwapo tangu 1971, na mzee jirani alinisisitiza twende tukamwamkie Mount Gelai, fifti-naini namba 5918. Ni kweli ni kubwa, sikatai. Mama mkwe alitembea kutoka kichwa hadi mkia, akasema, "Yote hii ya kuvuta nini?" Nikamwambia, "Mizigo, mama, kutoka kwetu." Akaguna. Ile guno naijua.

Lililompendeza ni behewa la simba. Humo ndimo mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, alilala ofisa wa polisi, Mzungu aitwaye Ryall. Walikuwa watatu, walikuja kumwinda simba mla watu, yeye akashika zamu. Usingizi ukampitia. Simba akaingia ndani kupitia mlango wa behewa, akamtoa Ryall dirishani.

Mama mkwe alisikiliza hadithi yote kwa makini. Akashika ule ubao wa behewa. Kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo huyu alikuja bara kufanya kazi."

"Ndiyo, mama."

"Akalala."

"Ndiyo, mama."

"Basi yeye angalau simba alimchukua." Akaenda zake kutazama vijiko vya behewa la chakula.

Alikaa wiki mbili. Maji aliyooga mimi nayajua kwa mtungi. Siku ya kuondoka nikamsindikiza Syokimau tena, kapu sasa lina viazi na kabichi. Tukiwa tumesimama kungoja, ikapita treni ya mizigo, ndefu, inateremka taratibu kuelekea pwani, makontena mawili mawili, haina mwisho.

"Hizo nazo zaenda wapi?" akauliza.

"Mombasa, mama."

"Zimebeba nini?"

Nikamweleza kama mtaalamu, maana hapa ndipo kwenye elimu yangu. Nikamwambia kontena huja bara limejaa, likifika diponi likatolewa mzigo halina kazi tena, basi mengi hurudishwa hivyohivyo. Hizo unazoziona, mama, nyingi ni tupu. Matupu hurudi Mombasa.

Akazihesabu kidogo kwa kidole, midomo ikicheza. Akanitazama kuanzia sweta hadi viatu.

"Na wewe mbona wamekusahau?"