Tafuteni gari kwanza, glovu baadaye

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukipita vijiji vya kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, utakuta wananchi wako mtaroni na reki. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Kinachouma ni kukuta viroba walivyojaza bado vimeegemea nguzo ya umeme wiki nzima baadaye, vimechanwa na mbwa, na watu wengine wameshaongeza taka zao palepale. Kwa maoni yangu, kama haijulikani taka zitabebwa na nini, usafi usiitishwe.

Hesabu yake ni nyepesi. Siku chache kabla, watu wawili waokote kila kitu katika hatua 100 za barabara, wahesabu viroba, kisha wazidishe kwa idadi ya vipande vya hatua 100 vilivyomo katika eneo lote. Hapo mwenyekiti wa kijiji atamfuata mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akijua anaomba tripu ngapi, na mtendaji ataulizia mapema kama dampo la halmashauri litapokea siku hiyo. Kiroba kijazwe robo tatu tu. Kikijaa hadi mdomoni hakifungiki, na taka mbichi zikishindiliwa kinapasuka kwenye kunyanyuliwa. Wala msishindilie kwa mkono, maana sindano na vioo vimo humo.

Okoteni kwanza, kufyeka kufuate. Slesha ikipita juu ya chupa ya maji inaikata vipande ambavyo reki haivishiki, na hivyo ndivyo mvua huvisukuma hadi kwenye kalavati. Ulizeni mkandarasi anayefyeka kingo za barabara atafika lini, mmtangulie. Mwisho wa kiangazi unafaa sana: nyasi ni kavu, nyoka anaonekana, na mvua haijaanza kubeba kitu. Kalavati lililoziba lianzwe upande maji yanakotokea. Mkianzia yanakoingilia mnazisukuma taka ndani zaidi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na tofauti inaonekana. Zilizobaki kwa wingi ni chupa, na humo mna zile zenye mkojo, zinazorushwa kutoka kwenye malori na mabasi. Msizifungue, kwani zikikaa juani hujaa gesi na kumrukia aliyefungua. Ziwe na kiroba chake, zisichanganywe na chupa za kuuza kwa kilo; mnunuzi akinusa moja tu anaweza kukataa mzigo wote.

Fanyeni kazi upande mmoja wa barabara kwa wakati mmoja, mkitazama magari yanayokuja, na aliyevaa reflekta asimame na bendera nyekundu kabla ya kona. Watoto wasipelekwe barabara kuu. Wapo wanaoona kuchoma ni njia ya mkato. Hapana! Kopo la dawa ya mbu hulipuka motoni, na plastiki iliyoyeyuka hushikana na udongo ikawa bonge jeusi ambalo hata koleo linalishindwa.

Dampo bubu, yaani mahali watu wanapotupa taka bila ruhusa, nalo lina namna yake. Kabla ya kulizoa, litazameni limejaa nini. Manyoya na matumbo ya kuku yametoka kwa wachinjaji wa stendi, vipande vya vitambaa kwa mafundi cherehani, maganda ya viazi kwa wauza chipsi. Mara nyingi anayetupa si mwenye taka, ni kijana wa toroli aliyelipwa azipeleke "mbali". Kwa hiyo mazungumzo yawe na wenye biashara: wamlipe toroli baada ya kumwaga kwenye kizimba cha kijiji, siyo wakati wa kubeba. Kibao cha "Usitupe taka hapa" peke yake huwa hakizuii kitu. Pangeni mawe makubwa pale toroli na pikipiki zinapochepukia, siku hiyohiyo ya kuzoa, na mtu wa kitongoji apite kila asubuhi kuondoa kiroba cha kwanza kitakachorudi kabla hakijapata mwenzake.