Kujenga kwenye kiwanja cha mwingine

Mei 2007 Facebook iliwafungulia mlango wasanidi programu wa nje. Kabla ya hapo, mtu aliyebuni mchezo wa mtandaoni alihangaika kutafuta watumiaji mmoja mmoja. Sasa mchezo wake ungeweza kupita kutoka kwa rafiki hadi rafiki bila yeye kulipia tangazo. FarmVille ya Zynga, iliyotoka Juni 2009, ilifikisha wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi mwaka uliofuata.

Ukiuliza kinachowavuta wasanidi kwenye majukwaa haya, wengi watakujibu ni pesa. Nadhani pesa huja baadaye. Kwanza ni watu: wameshakusanyika, wameshafungua akaunti, wameshazoea kubonyeza. Kuandika programu nzuri ni kazi ngumu, lakini kumpata mtu wa kuitumia ni ngumu zaidi, na jukwaa linakuondolea sehemu kubwa ya mzigo huo.

Pili ni wepesi wa kuanza. Msanidi anakaa usiku peke yake, anajisajili, anapewa ufunguo wa API (njia ambayo programu moja huomba data kutoka kwa nyingine), yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote kwa macho. Anaubandika kwenye msimbo wake, anaandika mistari mitano, anaendesha. Data halisi inamiminika kwenye skrini: majina, picha, maoni ya watu. Kazi ambayo ingemchukua miezi imekwisha kabla chai haijapoa. Asiyewahi kuionja furaha hiyo hawezi kuelewa kwa nini watu makini kabisa huruka ukurasa wa masharti.

Lawama nyingi huenda kwenye makato. Apple ilipofungua duka lake la programu Julai 2008, ilichukua asilimia 30 ya mauzo. Tangu 2021 wasanidi wadogo, wenye mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, wanaweza kuomba wakatwe asilimia 15. Ni kiasi kikubwa, sikatai. Lakini kinajulikana mapema, unakipigia hesabu, na kwa malipo hayo unapata mfumo wa kupokea fedha kutoka nchi nyingi ambao mtu mmoja hawezi kuujenga. Makato hayanitishi sana.

Kinachonitisha ni masharti kubadilika ukiwa umeshajenga. Mei 2023 mtengenezaji wa Apollo, programu iliyopendwa sana ya kusomea Reddit kwenye iPhone, alielezwa bei mpya za API. Alipopiga hesabu, akakuta atadaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Bei zilikuwa zianze Julai 1. Apollo ilifungwa Juni 30. Januari mwaka huohuo Twitter ilikuwa imezikatia huduma Tweetbot na Twitterrific, programu za watu wa nje za kuisomea, bila hata kuwapa notisi waliozitengeneza.

Hata hivyo, wenye majukwaa nao wana hoja, na ni nzito. Mwaka 2010 Facebook ilibana arifa za michezo kwa sababu watumiaji walikuwa wamechoshwa nazo. Kisha kuna suala la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, lililolipuka 2018: jaribio la maswali ya haiba, lililopitia mlango uleule waliofunguliwa wasanidi, lilizoa data za watu wanaokadiriwa kufikia milioni 87. Wengi wao hawakuwahi kulifungua jaribio hilo. Waliponzwa na marafiki waliolijibu. Baada ya jambo kama hilo, siwezi kusimama upande wa msanidi anayetaka mlango ubaki wazi daima. Seva nazo zina gharama, na haki ya kupanga bei ni ya mwenye nazo.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni juu ya muda. Jukwaa linalotoa bei mwezi mmoja tu kabla ya kuanza kutoza limemnyima msanidi nafasi ya kuhama, ya kuwaaga watumiaji wake, hata ya kuwarudishia ada waliyokwisha kulipia mwaka mzima. Wapo watakaosema alijua kuwa kiwanja si chake. Alijua, ndiyo. Ila watu waliomvuta mwanzoni ndio haohao asioweza kuondoka nao, maana akaunti zao ni za jukwaa.

Leo msanidi akiniomba ushauri, simwambii akimbie. Namwambia kwamba kabla ya kuomba ufunguo, afungue kumbukumbu za mabadiliko ambazo majukwaa mengi huziweka hadharani, atazame toleo lililopita la API lilipewa miezi mingapi kati ya siku ya tangazo na siku ya kuzimwa.