Gesijoto za nyumbani hazipiti kwenye mita

Huku Uingereza, ukitaka kujua umeme wako umetoa hewa ukaa kiasi gani, huhitaji hata kunyanyuka kwenye kiti. Mita za kisasa zinasoma kila nusu saa, na msimamizi wa gridi anatangaza, kwa nusu saa hiyo hiyo, kila uniti (kilowati-saa moja) imebeba gramu ngapi, tena eneo kwa eneo. Serikali nayo hutoa kila mwaka jedwali la vigezo, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti. Katika jedwali la 2024, uniti moja iliandikiwa kama kilo 0.207. Unazidisha, umemaliza.

Kasheshe inaanza pale sisi tulioko ughaibuni tunapokibeba kigezo hicho na kukipachika kwenye uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa nyumbani Tanzania. Hiyo 0.207 inasimulia gridi ya Uingereza: gesi, upepo, nyuklia, na umeme unaovushwa kutoka Ufaransa. Haijui umeme wa maji wa Bwawa la Nyerere wala mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Halafu ni namba ya umeme uliozalishwa; upotevu wa njiani umewekwa kwenye mstari mwingine wa jedwali, na mstari huo ndio watu wanausahau.

Tena vigezo vya umeme vinachacha haraka. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalizalisha karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa. Tanzania nayo imegeuka kwa kasi ya namna hiyo. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na yote tisa kwa pamoja ni megawati 2,115. Mwenye kigezo cha enzi za mgao anapiga hesabu za nchi ambayo haipo tena.

Kuna jambo linachanganya wengi. Taifa halihesabu gesijoto zake, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto, kwa uniti zilizouzwa. Linahesabu kilichoungua. Mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, unaotumika London na Dodoma sawasawa, unataka joto lililomo kwenye mafuta lizidishwe kwa kigezo: gesi asilia kilo 56.1 za hewa ukaa kwa kila gigajuli, dizeli 74.1, petroli 69.3. Lita ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84, kila kilo ina megajuli 43, kwa hiyo lita moja ikiungua inatoa kama kilo 2.7. Kwa gesi, mtambo unaogeuza nusu ya joto kuwa umeme unatoa kama gramu 400 kwa uniti; ule wa kizamani unaoambulia theluthi tu unapita 600. Gesi ile ile ya Songo Songo, majibu mawili.

Kigezo cha gridi kinazaliwa baada ya hapo: jumla ya hewa ukaa ya mitambo yote, ikigawanywa kwa uniti zilizomfikia mteja. Tuseme, kwa mfano tu, katika uniti 100 zilizozalishwa, 30 ni za gesi kwa gramu 500 na zilizobaki ni za maji. Hapo una gramu 150 kwa uniti iliyozalishwa. Kama 15 kati ya hizo 100 zimepotea kwenye nyaya na transfoma, aliyewasha taa anabeba gramu 176. Umeme ulionunuliwa Uganda kwa ajili ya Kagera hauingii kwenye jumla ya taifa letu. Moshi wake, kama upo, ni wa Uganda. Ndivyo Uingereza inavyofanya kwa umeme wa Ufaransa.

Mtego mwingine uko kwenye gesi, na hata huku unawanasa watu. Bili ya gesi ya Uingereza inachukua mita za ujazo, inazidisha kwa 1.02264, kisha kwa thamani ya joto, ambayo ni kama 39, halafu inagawanya kwa 3.6. Mita za ujazo 100 zinakuwa uniti 1,108. Hizo ni uniti za joto ghafi, yaani pamoja na lile linalotoroka na mvuke, na kigezo chake ni kilo 0.183. Vigezo vya IPCC vinakwenda na joto halisi, yaani bila lile la mvuke. Ukikigeuza cha gesi kuwa kwa uniti unapata 0.202. Changanya viwili hivyo, umekosea kwa asilimia kumi na hakuna mtu atakayekushtukia. Anayepokea takwimu za gesi ya Kinyerezi, swali lake la kwanza liwe hilo: ghafi au halisi?

Upande wa mafuta, huku kazi ni nyepesi kwa sababu kila lita inakatwa ushuru na rekodi za kodi zipo. Kwetu, bandari ya Dar es Salaam inapokea mafuta ya nchi kadhaa. Hesabu ya juu ni nyepesi kwenye karatasi: kilichoingia, toa kilichotoka, toa cha ndege na meli za kimataifa, rekebisha akiba ya maghalani. Kisha unalinganisha na hesabu ya chini, ya waliotumia. Tofauti ikizidi asilimia 5, IPCC inataka maelezo. Lori lililoandikiwa Kongo likishusha mzigo Morogoro, taifa linaonekana safi kuliko lilivyo. Mafuta ya soko la ndani huwekwa vinasaba, yaani kemikali ya alama, kwa ajili ya kodi na ubora, lakini matokeo ya vipimo hivyo yangemfaa sana mtu wa gesijoto pia.

Na jenereta je? Dizeli yake inanunuliwa kwenye kidumu, sheli, kwa hiyo inaangukia kwenye safu ya usafirishaji. Jumla ya taifa haiharibiki, lakini mwaka wa mgao utasoma kwamba magari yameongezeka na umeme umekuwa msafi. Jenereta ndogo inayotoa uniti tatu kwa lita inamwaga karibu gramu 900 kwa kila uniti, zaidi ya mara mbili ya mtambo mzuri wa gesi. Dawa yake ni dodoso fupi kwa hoteli, hospitali, minara ya simu na viwanda: ukubwa wa jenereta, saa ilizowaka, lita zilizonunuliwa.

Lakini hayo yote ni pembeni. Nishati kubwa ya Tanzania ni kuni na mkaa, na hapo ndipo mfano wa Uingereza unapotuacha njiani.

Chukua gunia la mkaa la kilo 50. Kwa vigezo vya IPCC lina megajuli 1,475, na likiungua linatoa kama kilo 165 za hewa ukaa. Kilo hizo haziingii kwenye jumla ya nishati. Zinaandikwa pembeni kama kumbukumbu, kwa hoja kwamba mti uliokatwa umeshahesabiwa kwenye daftari la misitu. Kinachobaki kwenye nishati ni gesijoto nyingine mbili za jikoni, methani na nitrasi oksaidi, sawa na kilo 9 hivi za hewa ukaa. Sasa weka kando yake mtungi wa gesi wa kilo 15. Huo unaandikiwa kilo 45, zote kwenye nishati. Kwa jiko la gesi linalotumia asilimia 55 ya joto lake na jiko la mkaa linaloambulia 25, mtungi huo na gunia hilo vinapika chakula karibu sawa.

Maana yake, mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka kufikia asilimia 80 ya Watanzania, ukifanikiwa utaonekana kwenye jedwali la nishati, kama ukihesabu jikoni tu bila tanuri, kama uchafuzi umepanda. Faida iko kwenye misitu, na itaonekana tu kama daftari la misitu limepimwa kweli. Tanuri la udongo linakula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa, hivyo gunia letu ni kilo 250 hadi 500 za mti. Ukikisia tu hapo katikati, unaweza kukosea hadi mara mbili. Moshi wa tanuri lenyewe una methani, na nyongeza ya IPCC ya 2019 imeuwekea vigezo.

Uingereza haina shida hii, na si kwa sababu ni waadilifu kuliko sisi. Mtambo wa Drax unachoma kuni zilizosindikwa zinazotoka kwa wingi Amerika ya Kaskazini. Hewa ukaa yake ni sifuri kwenye nishati ya Uingereza, na deni la mti linabaki kule ulikokatwa. Mkaa wa Dar es Salaam unatoka kwenye misitu yetu wenyewe. Deni halina pa kwenda.

Kwa hiyo kama kuna fedha ya kupima kitu kimoja, nisingeipeleka kwenye mita za kisasa. Ningekipa Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kule SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, mizani na vijana wa kwenda masokoni. Vibali vya TFS, wakala wa serikali wa misitu, vinahesabu magunia yaliyopita getini. Bodaboda ya saa tisa usiku haina kibali. Lipimwe gunia lililoshonwa peke yake na lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo, peke yake, kiangazi na masika, maana mkaa ulionyeshewa unalipa mizani maji. Chenga zitengwe. Kopo na ndoo navyo vipimwe, kwa sababu kaya nyingi za mjini hazinunui gunia.