Dakika 40 Ndani ya Hema

Jamani, mimi ni mkaanga chipsi, hilo lieleweke kwanza. Sindano siiogopi, mafuta ya moto yananirukia kila siku. Ninachoogopa ni macho ya mtaa wetu.

Juzi wamekuja watu wa kupima ngoma, yaani virusi vya Ukimwi. Hema wakalipiga wapi? Mkabala na kijiwe cha kahawa! Spika mbili, singeli juu, na kijana kashika maiki: "Kaka wa chipsi, njoo ujue afya yako!" Wateja wote wakageuka. Ukikataa, unaogopa nini? Ukienda, una wasiwasi gani? Nikavua aproni, nikaenda.

Wazee wa kahawa wao hawapimi, washapimwa kupitia kwa wake zao. "Mama watoto alipimwa kliniki, mimba ya kitinda mimba, yuko salama. Mimi nikapime nini?" Huyo kitinda mimba sasa yuko darasa la nne! Na mimi nilijaribu kumwambia nesi hivyohivyo, akacheka: zipo ndoa mmoja anavyo virusi, mwenzake hana.

Kumbe kijiweni kuna saa. Ukitoka haraka, mzima. Ukikawia, "anapewa moyo." Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni na kusubiri kama dakika 15 hivi. Ila kabla yake kuna ushauri nasaha, na dada akauliza mwaka huu nimekuwa na wapenzi wangapi. Nikasema mmoja. Akanitazama. Nikaanza kuhesabu upya, na hesabu mimi tangu shule inanisumbua.

Ukatoka mstari mmoja. Sina. Dada akasema kwa sauti ya kufundishia, "Rudi baada ya miezi 3 tuhakikishe," maana maambukizi yakiwa mapya kipimo kinaweza kisiyaone. Sasa hema ni turubai, ndugu zangu, si ukuta. Kijiwe kizima kikadaka neno moja: rudi.

Nikatoka baada ya dakika 40, mkononi pakiti ya kondomu za bure. Kimya. Hata aliyekuwa anatafuna kashata akaacha. Mwaka 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani pale Mnazi Mmoja, watu wakapiga makofi, wala sikusikia mtu akiwahesabia dakika.

Kinachoniuma zaidi, dada alinidokeza nikiwa mlangoni kwamba siku hizi kuna kipimo cha kujipima mwenyewe. Unapangusa fizi tu, chumbani kwako, na sheria iliruhusu tangu 2019. Ananiambia natoka!

Jioni akaja mteja wangu wa zege la chipsi mayai, hakosi hata siku moja. Akasimama mbali kidogo na karai.

"Leo nifungie kavu tu, kaka. Na chumvi usiweke, nitaweka mwenyewe nyumbani."

"Kachumbari je?"

"Ipo, ipo nyumbani."

Huyu jamaa anaishi geto, hana hata kisu.