Uraia wa 2010, Cheti cha 2014

Anayeomba uraia wa tajnisi Tanzania, yaani uraia wa kuomba na si wa kuzaliwa, hupita mikono mingi. Fomu huanzia Uhamiaji, tangazo hutoka gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, kamati za ulinzi na usalama humsaili, kisha faili hupanda hadi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema.

Kwa hatua hizo sina ugomvi. Uraia ukishatolewa ni kazi kuurudisha, na nchi inayopakana na majirani wanane haiwezi kuugawa kama kadi za harusi. Afisa anayekaa na faili miezi kadhaa akiuliza kijijini mtu huyu ni nani anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Ugomvi wangu ni na ucheleweshaji wa aina nyingine, ule unaokuja baada ya serikali kusema ndiyo. Mfano mkubwa tunao wenyewe. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi ya wakimbizi katika mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, magharibi mwa nchi, wakayafyeka, wakalima, wakazaa. Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi walichagua kubaki. Kwa sehemu kubwa yao Burundi ilikuwa simulizi za wazazi tu. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 wakakubaliwa. Kwa ukubwa huo, tena kwa mkupuo, ni jambo ambalo nchi chache duniani zimethubutu kulifanya, na sifa hiyo Tanzania isinyimwe.

Lakini cheti hakikutoka. Sharti lilikuwa kwamba raia hawa wapya wahame makazi hayo, wasambazwe mikoa mingine, ndipo wakabidhiwe karatasi zao.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Makazi yale yaliendeshwa kwa miongo kama kisiwa, na mtu wa nje aliingia kwa kibali. Kuwaacha humo humo maelfu ya watu wenye asili moja, wakasema ni raia kama wengine, kungeweza kuonekana kama kubadilisha kibao cha mlangoni tu. Ila mikoa ya kuwapokea haikuwa imeandaliwa vya kutosha, zoezi likasimama, na cheti kikasimama nalo. Hapo ndipo hoja inaponishinda. Mtanzania wa Iringa haambiwi ahamie Lindi kwanza ndipo atambuliwe.

Na watu hawa walikuwa wameshatakiwa kuukana uraia wa Burundi. Kwa hiyo walikaa katikati: si wakimbizi kamili, si raia wenye ushahidi mkononi. Makazi yalikuwa yametangazwa kufungwa. Nani atachoma tofali za nyumba mpya mahali pa namna hiyo? Uchaguzi mkuu wa 2010 ukapita. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014, enzi za Rais Kikwete, na safari hii sharti la kuhama halikutajwa tena. Mwaka uliofuata wakapiga kura. Miaka minne ya kusubiri, kwa sharti ambalo mwishowe liliachwa.

Mwombaji wa kawaida, yule mfanyabiashara au mke wa mtu anayeomba peke yake, hana hata umati wa kumfanya asikike. Sheria hiyo hiyo inasema Waziri halazimiki kutoa sababu za kukubali wala kukataa, na uamuzi wake haukatiwi rufaa. Mambo mengine ya usalama hayasemwi hadharani, hilo naliafiki. Tatizo ni kwamba mwombaji hana njia ya kujua kama faili lake linachunguzwa, limekataliwa, au limelala tu chini ya mengine.

Siombi uchunguzi ufupishwe hata siku moja. Waziri akishatia saini, hata hivyo, hakuna kinachobaki kuchunguzwa. Hati ya kuukana uraia wa zamani, kiapo cha utii na cheti kipya vinaweza kuwekwa juu ya meza moja, siku moja.